Afunguaye Kufuli Lake si Mwizi

Liko neno moja katika miji yetu ya pwani ambalo likitamkwa barabarani halina marejeo. Neno lenyewe ni "mwizi". Mtu aweza kuitwa mlevi akajitetea, akaitwa mwongo akaleta mashahidi. Lakini aitwaye mwizi penye umati hapewi nafasi ya kufumbua kinywa, na huenda asifike hai hata kituo cha polisi. Kwa hivyo natanguliza kusema, ndugu msomaji, kwamba haya niyaandikayo leo juu ya makufuli na vijana wanaojitengenezea vyombo vya kuyafungulia si maneno ya mzaha, ijapokuwa jambo lenyewe kwa asili yake ni mchezo.

Wako watu ulimwenguni ambao starehe yao ni kuketi na kufuli walilolinunua kwa pesa zao wenyewe, wakalifunga, ufunguo wake wakauweka mbali, kisha wakajaribu kulifungua kwa vyuma vyembamba walivyovichonga kwa mikono yao. Hawavunji, hawakati, hawatii moto. Likifunguka hulifunga tena, au wakatafuta jingine gumu zaidi. Huko Ujerumani, katika mji wa Hamburg, wapenzi wa mchezo huu waliunda chama chao mwaka 1997, na Waholanzi nao wana chao kiitwacho TOOOL, ambacho kimekwisha kuvuka bahari hadi Marekani. Hushindana hadharani, saa mezani na watazamaji wamewazunguka. Na wana kanuni mbili ambazo mwanafunzi hulishwa kabla ya kushika chuma: usifungue kufuli lisilo lako ila kwa idhini ya mwenyewe; na usilichezee kufuli linalotegemewa mlangoni, hata likiwa lako, kwani laweza kuharibika ukalala nje.

Hapa kwetu nimewaona vijana wawili watatu wakiufanya mchezo huu, lakini kila mmoja peke yake, mlango ameurudisha, kama mtu atendaye jambo la haramu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana akijificha kwa jambo lisilo na aibu, mwishowe atazoea kujificha, na kujificha ndiko kutakakomfundisha aibu.

Hoja ya wanaoukataza mchezo huu naijua, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema kwamba kumfundisha mtoto kufungua kufuli bila ufunguo ni kumfundisha wizi, na kwamba katika dini yetu iko kawaida ya kuziba njia za uovu kabla uovu wenyewe haujafika. Wanavyuoni huiita saddu dharai. Ni kweli kawaida hiyo iko. Lakini wanavyuoni hao hao wametufundisha kwamba asili ya mambo ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na kwamba mambo hupimwa kwa makusudio yake. Kisu huchinja mbuzi wa akika na huua mtu. Hatukuwanyima watoto wetu visu, bali tuliwafundisha kuchinja. Swali basi si kama chombo hiki chaweza kutumiwa vibaya. Kila chombo chaweza. Swali ni je, njia hii kweli ndiyo wanayopita wezi? Na ili tulijibu hilo, sharti tuingie ndani ya kufuli lenyewe.

Kufuli tulilolizoea leo, lile la ufunguo bapa wenye meno, ukoo wake ni mkongwe. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mti lenye vijiti ndani yake; vijiti vilianguka kwa uzito wao vikalizuia komeo, na ufunguo ulikuwa kipande cha ubao chenye vijino vya kuvisukuma juu. Mmarekani Linus Yale, ambaye baba yake mwenye jina hilo hilo pia alikuwa fundi wa makufuli, aliitia hekima hiyo ya kale katika chuma, akapata hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na 1865. Ndani ya kufuli la namna hii mna silinda, na silinda imetobolewa matundu, aghalabu matano. Kila tundu lina pini mbili zilizopandana, na juu yake kamani ya kuzisukuma chini. Ufunguo wa haki huinua kila pini kwa kadiri yake, hata ule mpaka baina ya pini na pini ukalingana na ukingo wa silinda. Mipaka yote mitano ikishalingana, silinda huzunguka na kufuli likafunguka.

Lafunguka vipi basi pasipo ufunguo? Lau matundu yale matano yangekuwa katika mstari mmoja usiokosea hata unywele, pini zote zingekaza kwa pamoja na hapana mtu angeweza neno. Lakini hapana mkono wa binadamu, wala mashine iliyoundwa na binadamu, uwezao kutoboa matundu matano yasiyopishana hata chembe. Kwa hivyo ukiisukuma silinda kidogo kwa chuma kimoja, kana kwamba wataka kuizungusha, ni pini moja tu ikazayo kwanza. Ukiiinua hiyo kwa chuma cha pili hata ifike mpakani pake, silinda husogea kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, ila kidole hukihisi. Kisha hukaza pini nyingine, nayo huinuliwa, hata zikaisha. Kufuli basi halifunguki kwa nguvu wala kwa uchawi. Hufunguka kwa kasoro ya aliyelitengeneza. Ukamilifu ni wa Mola peke yake. Kijana aliyekesha na kufuli mkononi amelisoma somo hilo kwa ncha ya kidole chake.

Sasa tuvitazame vyombo. Ni viwili tu: kimoja cha kukaza silinda na kimoja cha kuinulia pini. Watu wa Ulaya na Marekani huviunda kwa nyaya ngumu zinazodondoka katika mashine za kufagilia barabara, kwa bapa za chuma zilizo ndani ya mipira ya waipa za gari, au kwa kipande cha msumeno wa chuma uliokwisha meno. Kitabu kimoja kidogo kilichotoka mwaka 1991, kikajulikana kwa jina la chuo kikuu cha MIT ijapokuwa mtungaji wake alijificha nyuma ya jina la bandia, kilizieleza nyaya hizo za fagio na jinsi ya kuzichonga. Vijana wetu huona spoki ya baiskeli yatosha. Huipondaponda hata ikawa bapa, wakaibana katika jiliwa, wakaishika tupa.

Aliyesoma chuoni kwa ubao na wino hatapata shida kuyaelewa maumbo yake. Chuma huanza kimenyoka kama alifu. Cha kukazia hukunjwa kikawa lamu. Cha kuinulia hupindwa ncha yake kidogo mfano wa re. Kazi iliyobaki ni subira. Tupa isukumwe mbele, isirudishwe kwa kukwaruza. Chuma kichovywe majini kila kinapopata moto, maana kikigeuka rangi ya buluu ujue ugumu wake umekwenda zake, na chombo laini kitajikunja ndani ya tundu. Kisha kipigwe msasa hata kiteleze kama sindano, kwani chuma chenye makwaruzo hakimpi mtu habari za pini. Humpa habari za makwaruzo yake mwenyewe. Chombo kimoja kizuri chaweza kumla mtu jioni mbili tatu, na cha kwanza aghalabu huvunjika.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya wanaoutetea mchezo huu. Wao husema chombo ni chombo, kiwe kimenunuliwa au kimetengenezwa. Mimi nasema sivyo. Chombo cha kununua dukani, kilichokwisha kunolewa, humpa mtu uwezo kabla hajapata adabu. Chombo cha kujiundia hakimpi uwezo mpaka kwanza kimtoe haraka. Na mwizi ni mtu wa haraka. Hebu jiulize, katika nyumba zote zilizovunjwa mtaani kwako, ni ngapi mwizi alizozifungua kwa kuinua pini moja moja? Utakuta tumbuu limeng'olewa kwa mtaimbo, mnyororo umekatwa, dirisha limetolewa vyuma, bati limefunuliwa. Na zaidi ya hayo yote, utakuta ufunguo umetolewa na aliyepewa auweke. Kikulacho ki nguoni mwako. Njia hii ya tupa na msasa ni ndefu mno kwa mwizi. Tukiiziba tutawazibia wasiokuwa wezi.

Wenzetu wa Uingereza walibishana haya haya zaidi ya miaka 170 iliyopita. Joseph Bramah alikuwa amevumbua kufuli mwaka 1784, na tangu 1790 duka lake la Piccadilly, London, likalianika moja dirishani na tangazo kwamba atakayeunda chombo cha kulifungua atapewa gini 200. Likakaa pale miaka zaidi ya 60. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, akatokea fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs. Kwanza alilifungua kufuli la Chubb, ambalo tangu 1818 lilisifiwa kuwa likichokonolewa hujifunga zaidi likamshtaki mchokonozi kwa mwenyewe. Yeye akalifungua kwa dakika kama 25. Kisha akaliendea lile la Bramah. Akajiundia vyombo vyake, akaketi nalo saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, na mwisho likamtii. Gini 200 akapewa.

Mji mzima ukafadhaika. Wakasema mtu huyu amewafunza wezi. Jawabu lake, lililochapishwa katika kitabu cha mwaka 1853, kwa ufupi lilikuwa hili: wezi wanaijua kazi yao kabla hatujawafunza, wasiojua ni watu wema wanaonunua makufuli. Na ukitazama yaliyofuata utaona nani alikuwa na haki. Mafundi walioshindwa hawakufunga maduka. Walirudi mezani wakayatengeneza upya makufuli yao yakawa magumu zaidi. Kufuli bora ulilonalo leo mlangoni ni mtoto wa aibu ile.

Wala tusione kwamba huu ni ugeni wa Kizungu ulioletwa kwetu na meli. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika kufunga na kufungua. Mtoto wetu husema "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!", na aliyeshindwa kutegua huombwa mji kabla ya kupewa jawabu. Washairi wetu je? Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipelekeana tungo za siasa na vita zilizofungwa kwa mafumbo, na sifa ya mshairi ilikuwa ni kufunga fumbo lisilofunguliwa na kila mpita njia, na sifa ya mwenzake ni kulifungua. Hakuna aliyesema kwamba mwenye kulifumbua fumbo la mwenziwe amemwibia. Dirisha la Bramah ni kitendawili, gini 200 ndizo mji. Lugha ni mbali, mchezo ni ule ule.

Na tukiingia katika turathi ya Kiislamu, ndiko kabisa. Al-Jazari, fundi mkuu aliyewatumikia watawala wa Diyar Bakr, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha vyombo vya hekima, na humo alieleza kufuli la sanduku lisilo na ufunguo wa chuma, lenye visahani vinne vya herufi ambavyo sharti vipangwe ipasavyo ndipo lifunguke. Huyu alikuwa Mwislamu, tena alikuwa akifanya kazi ikulu. Neno letu kufuli tumelitoa katika Kiarabu, na Qur'ani katika Surat Muhammad, aya ya 24, inataja kufuli zilizofungwa juu ya nyoyo. Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu ni Al-Fattah, Mwenye kufungua. Mtu aliyekulia katika maneno haya hawezi kuambiwa kwamba kufungua kwenyewe ni uchafu. Uchafu ni kufungua kisicho chako.

Lakini lugha yetu nayo ina hukumu zake. Ufunguo uingiao tundu la kila mtu tumeupa jina la ufunguo malaya. Jina hilo limekwisha kutoa hukumu kabla shahidi hajasimama. Na nashuku ndilo lililowafanya watu wengi wamtazame vijana hawa kwa jicho baya. Ufunguo hauna tabia, bwana. Tabia ni ya mkono unaoushika.

Nitatoa mfano wa mtaani kwetu. Mama mmoja mjane alifiwa na mumewe, na hati ya nyumba ilikuwa ndani ya kasha la marehemu, kasha la zamani la misumari ya shaba, nao ufunguo wake haukuonekana. Warithi walikuwa wakisubiri. Kadhi hagawi mirathi kwa karatasi iliyofungiwa. Fundi aliyeitwa kwanza alishauri kitasa kipigwe tindo. Mama akalia, kwani kasha lile lilikuwa la mamake mzaa mumewe. Ndipo akatajwa kijana mmoja wa jirani, mwanafunzi, ajulikanaye kwa kuchezea makufuli. Akaja, akatazama, akasema kwamba vitasa vya namna ile vya kizamani havina pini. Vina kuta ndogo ndani za kuuzuia ufunguo usio wake. Akachukua ufunguo mkuukuu wa kabati, akaupiga tupa mbavuni hata ukabaki na ncha tu ya kuzipita kuta zile. Mbele ya warithi wote na shahidi wawili, kasha likafunguka bila ya mkwaruzo. Akakataa pesa, akaomba kikombe cha chai.

Kijana huyo huyo, majuma machache baadaye, alisimamishwa njiani usiku akakutwa na vyuma vyake mfukoni. Mtu mmoja akalipaza lile neno nililolitaja mwanzo. Lau si mzee aliyekuwa akitoka msikitini baada ya sala ya isha, akamtambua na kumkinga kwa kiwiliwili chake, leo ningekuwa naandika tanzia. Baba yake alivitupa vile vyombo baharini asubuhi yake, tupa na jiliwa akaziuza. Simlaumu baba. Lakini nauliza, tumepata nini? Wezi wa mtaa wetu hawakupungua hata mmoja. Tulichopoteza ni fundi.

Sitaki kuficha upande wa pili wa jambo hili. Sheria iko, nayo ina sababu zake. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa mtu akutwaye nje ya makao yake na kitu cha kutumiwa katika wizi au uvunjaji wa nyumba, na chombo kikiwa kimeundwa kwa kazi hiyo chaweza kuwa ushahidi juu yake. Wajapani nao, baada ya kusumbuliwa mno na wezi wa kufungua vitasa vya nyumba, walitunga sheria mwaka 2003 ya kukataza kumiliki vyombo maalumu vya kufungulia bila sababu ya haki. Anayesema kwamba hakuna mwizi duniani afunguaye kwa ustadi anadanganya. Wapo, na Japani iliwaona. Kwa hivyo simtetei mtu atembeaye usiku na vyuma hivi mfukoni, hata akiwa walii. Mahali pa vyombo hivi ni mezani, nyumbani, taa imewaka na mlango wazi.

Lakini sheria inayokataza kubeba si sheria inayokataza kujua. Na kujua, ndugu zangu, ni sehemu ya kuhifadhi mali, ambayo dini yetu imeifanya miongoni mwa mambo matano makuu ya kuhifadhiwa. Mafakihi wengi, walipoieleza adhabu ya wizi, waliweka sharti kwamba mali iwe imetolewa katika hirzi, yaani mahali pa kuihifadhi panapofaa mfano wake. Mlango uliofungwa ni hirzi. Neno hilo hilo sisi tumelifanya hirizi, ile ya kuvaa shingoni. Basi mtu anunuaye kufuli kwa kutazama mng'aro wake na bei yake nafuu, kufuli ambalo kijana wa shule hulifungua kwa spoki kabla chai haijapoa, huyo hakuutia mlango wake hirzi, ameuvika hirizi. Nani atamwambia? Muuzaji hatamwambia. Mwizi hatamwambia. Atakayemwambia ni yule kijana tunayemfukuza.

Na la mwisho katika hoja zangu ni kwamba kufuli halikuwahi kuwa mlinzi wa kweli. Louis wa 16, mfalme wa Ufaransa, alipenda kazi ya makufuli kuliko kazi ya ufalme. Alikuwa na karakana yake katika kasri ya Versailles na fundi wa kumsaidia aitwaye Gamain. Mapinduzi yalipokuja, mfalme alificha nyaraka zake za siri katika kabati la chuma lililotiwa ukutani, na Gamain ndiye aliyeifanya kazi hiyo pamoja naye. Novemba 1792 Gamain akaenda kuwaambia wakubwa wapya mahali lilipo. Nyaraka zikasomwa katika kesi ya mfalme, na Januari 1793 akakatwa kichwa. Kufuli lake halikumsaliti. Alisalitiwa na mtu.

Ukitaka kinyume cha habari hiyo, itazame Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameingia mjini ameshinda. Ufunguo wa Al-Kaaba umo mkononi mwake, na hakuna wa kumpinga lau angempa amtakaye. Akaurudisha kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuweka, na wafasiri wengi huihusisha na tukio hilo aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayohusu amana na wenye haki nazo. Ukoo wa Bani Shaiba bado ndio wenye ufunguo huo, baada ya karne kumi na nne. Tawala zimepita, masultani wametengeneza kufuli mpya na funguo mpya, nyingi zikiwa leo katika jumba la Topkapi huko Istanbul, amana haikuhama. Kinacholinda mlango ule ni neno lililotimizwa.

Kwa hivyo nawaomba wakubwa wa miji yetu mambo matatu, nayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, tuwape vijana hawa meza. Miji yetu si migeni wa ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa hapa Mombasa MIOME, taasisi ya kuwafunza Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za mikono na mitambo, kwa kuwa wazee waliona kwamba elimu ya kitabu peke yake haitatosha. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa Mombasa Polytechnic na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ikiwa wazee wale walithubutu kujenga karakana nzima, sisi tutashindwa na jiliwa moja, tupa tatu na makufuli kumi makuukuu katika madrasa au ukumbi wa vijana, mara moja kwa wiki, chini ya fundi mwenye umri na mwenye kuaminiwa?

Pili, amana itangulie tupa. Kijana asome kwanza haki ya mlango wa mtu: kwamba hata kuchungulia nyumba ya mwenzio pasipo idhini ni kosa, seuze kuifungua. Kanuni zile mbili za Waholanzi na Wajerumani zibandikwe ukutani, na vyombo vibaki pale pale mezani, visitoke mfukoni mwa mtu. Jina la kila mwanafunzi lijulikane kwa mzee wa mtaa, ili siku akisimamishwa awe na wa kumsemea.

Tatu, na hili ni letu sote, tulichunge lile neno. Msikitini tunasikia kila Ijumaa juu ya ulimi. Tukitoka nje tunalitupa neno "mwizi" kama mtu atupaye ganda la ndizi. Anayelipaza pasipo yakini ameshika chombo kibaya kuliko spoki yoyote, kwani mlango unaofunguliwa na neno hilo ni mlango wa kaburi, nao hauna ufunguo wa kuurudishia.

Mzazi utakayemkuta mwanao leo usiku ameinama juu ya kufuli, chuma chembamba mkononi na jasho usoni, usimpigie kelele. Muulize kufuli ni la nani. Akikujibu kuwa ni lake, vuta kiti, uketi, umwambie akuonyeshe lafunguka vipi.